Waipa ya Nyuma

Waipa ya nyuma ikifa, gari haligomi. Litawaka asubuhi kama kawaida, litapanda mlima, litafika sokoni na kurudi, na mwenye gari anaweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba kuna kiungo kimekufa mgongoni. Siku akija kugundua, mara nyingi ni siku ya mvua kubwa: amezungusha swichi, mkono ule mweusi umebaki pale pale ulipolala. Anazungusha tena. Halafu anaacha. Kesho yake mvua inakatika na jambo linasahaulika. Nimeyaona haya kwa majirani, kwa walimu wenzangu na kwa madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria, pale stendi ya Tukuyu, na kila nikiuliza jibu ni moja: hiyo si ya lazima.

Mimi nasema ni ya lazima, na huku Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, nasema hivyo kwa sauti. Barabara kuu inayotoka Uyole, ikapanda milima ya Uporoto, ikashuka Kiwira na Tukuyu hadi Kyela na mpakani Kasumulu, ni ya lami. Lakini migomba, chai na parachichi haviko kwenye lami. Viko ndani, kwenye njia za udongo wa volkano ambao ukilowa unashika kila kinachopita, na magari yanayoufuata mzigo huko ni stesheni wagoni: Probox, Succeed, Fielder, na Caldina za zamani ambazo bado zinadunda. Toyota ilipoitoa Probox mwaka 2002 ilikusudia gari la kazi la makampuni huko Japani, la kubebea vifaa na sampuli. Huku limekuwa basi, lori dogo na gari la harusi. Mgongo wake umekatwa, kioo cha nyuma kimesimama karibu wima, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Gari likienda, upepo unalipanda kwa mbele na kupita juu ya boneti na paa ukiwa umeshikamana na bati. Kwenye saluni, upepo huo unakikuta kioo cha nyuma kimelala, unateremka nacho hadi kwenye buti, na uchafu mwingi unaishia nyuma zaidi. Ndiyo maana saluni nyingi hazina waipa nyuma na hakuna anayelalamika. Stesheni wagoni ni habari nyingine. Paa linaishia ghafla. Upepo ukifika ukingoni hauwezi kukata kona kali namna ile. Unaachana na gari na kwenda zake, na nyuma ya kioo panabaki pengo lenye hewa hafifu. Pengo hilo lazima lijazwe, na kinacholijaza ni hewa ya chini, ile iliyochanganyika na matope na maji yanayorushwa na tairi. Inavutwa juu, inazunguka pale nyuma, inakipiga kioo na kukiachia kila ilichobeba. Gari linajipaka lenyewe, na kadiri linavyokimbia ndivyo linavyojipaka zaidi. Kiangazi ni vumbi. Masika ni tope jembamba ambalo likikauka, kitambaa kikavu hakiliondoi, kinalikwaruza tu. Dereva aliyetoka Mwakaleli na mzigo wa ndizi akifika kwenye lami, kioo chake cha nyuma hakionyeshi kitu. Akitazama kioo cha ndani anaona giza la kahawia, na anaendelea na safari kwa kutegemea saiti mira.

Wapo watakaosema saiti mira zinatosha. Malori yote yanaishi kwa hizo. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba saiti mira zinaonyesha ubavu wa gari na kinachokuja kwa pembeni, wakati ule ukanda ulio nyuma moja kwa moja, wenye upana wa gari lenyewe, hazikuonyeshi. Dereva wa lori anajua hivyo, ndiyo maana akirudi nyuma utingo anashuka. Sisi wa magari madogo hatuna utingo.

Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa waipa hakuwa dereva. Mary Anderson, mwanamke wa Alabama, alikuwa abiria tu ndani ya tramu mjini New York siku moja ya baridi mwanzoni mwa karne ya 20. Theluji ya majimaji ilikuwa inakipiga kioo, na dereva, ili aone njia, alilazimika kufungua kioo na kupigwa na baridi. Anderson akachora mkono wenye mpira, unaosukumwa kwa wenzo kutoka ndani, na tarehe 10 Novemba 1903 akapewa hataza. Kampuni moja ya Kanada aliyoifuata ilimjibu kwamba haioni faida ya kibiashara. Hataza ikaisha muda wake mwaka 1920 bila yeye kunufaika, na muda si mrefu baadaye waipa zikawa kifaa cha kawaida kwenye kila gari. Huwa namfikiria mwanamke huyu nikiwa kwenye foleni ya magari. Angeweza kuvuta koti lake, akashuka kituo chake na kusahau. Macho yaliyozibwa hayakuwa yake, ila aliona kwamba macho ya dereva ni mali ya wote waliomo na wote waliopo barabarani.

Ile ya nyuma ilikuja baadaye sana, na hadi leo watu wanaihesabu kuwa nyongeza. Kuhesabiwa hivyo ndiko kunakoiua, na nasema kuiua kwa maana ya chuma na kemia. Ugonjwa huu hauchagui kampuni wala nchi gari lilikotengenezwa. Waipa ya mbele inafanya kazi kila mvua inaponyesha, hivyo viungo vyake vinasogea, grisi inatembea, maji yanayopenya yanafukuzwa kabla hayajazoea. Ya nyuma inalala. Mkono unaouona nje umefungwa kwenye ncha ya shafti ya chuma, unene wake kama wa penseli, nayo shafti imepita ndani ya bomba fupi la alumini lililotokeza kwenye tundu la kioo au la bati ya mlango. Mlangoni pa bomba hilo kuna oringi, duara dogo la mpira, ambalo kazi yake ni kuyazuia maji. Jua linalikausha, linapasuka, na maji yanaanza kuingia kidogo kidogo, yakifuata shafti kwenda ndani.

Grisi ya kiwandani inamaliza nguvu yake. Halafu inabaki chuma, alumini na maji, na vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja kwa muda mrefu vinafanya betri ndogo. Umeme wake ni mdogo kiasi cha kutopimika na fundi wa kawaida, lakini unatosha kuila alumini. Chumvi ikiwepo, kasi inaongezeka. Mengi ya magari haya yameishi Japani kabla ya kuja kwetu, na huko kaskazini, Hokkaido na kwingineko, barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Kisha gari likapanda meli, likavuka bahari nzima na kusubiri bandarini Dar es Salaam kwenye upepo wa pwani. Alumini ikiliwa haigeuki kutu ya kahawia. Inageuka unga mweupe, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa. Ndani ya bomba nafasi haipo. Basi unavimba na kuibana shafti pande zote, kama mpini wa jembe uliolowekwa majini ili usichomoke. Gari linaweza kuwa limeshushwa melini likiwa hivyo tayari, mnunuzi akalikagua boneti hadi tairi, akawasha taa zote, na asikumbuke kuigusa swichi ya waipa ya nyuma.

Sasa fikiria mtu huyo siku ya mvua anazungusha ile swichi iliyo upande wa kushoto wa usukani. Umeme unafika. Mota inasukuma. Shafti haiendi. Mota ya umeme ikizuiwa kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikiwa huru, na umeme huo wote unageuka joto. Akiwa na bahati, fyuzi itakatika. Asipokuwa nayo, waya laini zilizozungushwa ndani ya mota zitaungua, au gia ya plastiki italika meno. Ndivyo kifaa kizima kinavyoharibiwa na unga usiojaza kijiko.

Fundi aliyenifundisha haya ni mzee aliyeanzia kwenye matrekta ya mashamba ya chai, na gereji yake iko chini ya mparachichi nyuma ya stendi. Ni mtu wa maneno machache. Nilipomweleza shida ya waipa ya gari langu, hakushika spana. Alinituma kwenye kiti cha dereva.

“Mwalimu, zima injini. Redio zima, feni zima. Ufunguo uache umewashwa.”

Akaenda nyuma, akaweka sikio kwenye mlango wa buti.

“Haya, washa waipa.”

Mimi mbele sikusikia kitu. Yeye alisikia mngurumo mwembamba, kisha akapiga bati kwa kiganja. “Zima! Zima haraka.” Akaja dirishani akiwa ametulia. “Mota ni nzima. Inasukuma, haina pa kwenda.”

Kama asingesikia kitu, alisema, angeanzia kwingine. Angeangalia fyuzi kwanza. Halafu angeangalia kama taa za namba zinawaka, kwa sababu waya zake zinapita njia moja na za waipa, ndani ya ule mpira wenye makunyanzi ulio juu, bawabani pa mlango. Kila mlango wa buti unapofunguliwa, waya zile zinakunjwa. Kila unapofungwa zinanyooshwa. Gari la ndizi hufunguliwa buti kutwa nzima. Mwishowe shaba inakatika ndani ya ganda lake la plastiki, nje huoni chochote, na watu wananunua mota mpya wakati tatizo ni waya. Yeye huuchomoa mpira ule na kuvuta waya mmoja mmoja taratibu. Uliokatika hurefuka mkononi, maana kinachovutwa ni plastiki tupu. Nilipenda sana maelezo haya. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi anajua mahali ambapo uongo wa kitu hujificha.

Kwetu ilikuwa shafti. Akainua kikofia cha plastiki kilichofunika mzizi wa waipa, akafungua nati kwa spana namba 10, akapulizia mafuta ya kulegezea kutu na kuondoka kwenda kumhudumia mteja mwingine. Aliporudi hakuuvuta mkono wa waipa. Aliuyumbisha, kulia na kushoto, kidogo sana, tena na tena. Mkono umekaa kwenye shafti kwa meno madogo madogo, na meno hayo yakishikwa na kutu mtu mwenye haraka huingiza bisibisi chini yake na kuukwatua. Bisibisi hiyo inaegemea nini? Kioo. Na kioo cha nyuma hakifanani na cha mbele. Cha mbele ni tabaka mbili zenye utando katikati, kikigongwa kinapasuka na kubaki mahali pake. Cha nyuma kimechomwa na kupozwa ghafla kiwandani ili kiwe kigumu, na ugumu huo una bei yake: kikizidiwa sehemu moja tu, kinamwagika chote kwa mara moja, punje punje, hadi kwenye viti. Mzee alikuwa ametandika kitambaa kinene chini ya waipa kabla hajaanza. Mkono ulipokubali, ulitoka kwenye vidole vyake bila kelele.

Kilichofuata kilikuwa kulivua pambo la plastiki la ndani ya mlango. Klipu za magari yaliyozeeka huvunjika kwa kutazamwa tu, ila yeye alizibana moja moja kwa vidole viwili, akizipanga kwenye kifuniko cha boksi la mayai. Plagi ya umeme ikachomolewa, bolti tatu zikatoka, na mota ikawa mezani. Hapo nikauona ule unga mweupe kwa macho yangu. Ulikuwa umefanya pete kuzunguka shafti, mkavu, mgumu, na chini yake shafti ilikuwa na rangi ya chai.

Wakati tukiitazama akapita dereva mmoja wa mchomoko, kijana, akachungulia. “Mzee, ya nini kujisumbua? Mimi yangu nilikata, nikaziba tundu na mpira. Mwaka wa ngapi huu.”

Mzee akamjibu bila kuinua kichwa: “Na kapeti lako la nyuma linanuka nini, mwanangu?”

Kijana akacheka, akakubali kwamba linanuka. Tundu lile likizibwa kwa mpira wa kubahatisha au kwa silikoni, mvua ya huku haichelewi kupata njia. Inashuka ndani ya mlango, inafika kwenye kitasa, inajaa kwenye kisima cha tairi la akiba. Nimeona magari yaliyooza chini kwa sababu ya tundu la waipa. Lakini sikutaka hoja yangu isimame juu ya kapeti. Hata kama tundu lingezibwa vizuri kabisa, kioo kingebaki kipofu.

Ipo njia nyingine, nayo ni kununua mota ya mtumba mjini Mbeya, kwenye maduka ya spea zilizong’olewa kwenye magari ya Japani. Siikatai kwa mtu ambaye mota yake imeungua. Ila mota ile ya dukani imezaliwa na bomba lile lile la alumini, imelala kwenye gari lililolala, na mara nyingi ukiizungusha shafti yake kwa mkono unasikia tayari inakwaruza. Unanunua ugonjwa ule ule ukiwa katika hatua ya chini. Mzee alitaka kuutibu uliopo.

Akaifungua mota kwa nyuma. Humo ndani kuna kitu ambacho kila mwenye gari angepaswa kukiona mara moja maishani. Mota inazunguka upande mmoja tu, haibadiliki, lakini waipa inakwenda na kurudi. Katikati yake kuna gia na mkono mfupi wa chuma unaogeuza mzunguko kuwa kwenda na kurudi. Na juu ya uso wa gia kuna sahani ya shaba yenye pengo sehemu moja. Ukizima swichi wakati waipa iko katikati ya kioo, umeme hautoki wote. Unaendelea kupita kwenye sahani ile hadi pengo lifike chini ya kidole chake, na pengo hilo limewekwa mahali ambapo waipa imelala chini ya kioo. Ndiyo maana haibaki katikati ikikukera. Mtu fulani, kwenye meza fulani ya uchoraji, aliwaza kwamba dereva akizima anataka njia ya macho yake iwe wazi, akalitimiza hilo kwa kipande cha shaba kilichokatwa pembeni. Sijui niite nini zaidi ya wema.

Basi shafti. Akairudishia nati yake kwenye ncha, usawa na ncha yenyewe, ili nyundo isije ikaharibu meno ya uzi. Akatoa klipu ndogo ya chuma iliyoizuia. Akaifunga mota kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao. Nilidhani sasa itakuwa nyundo, lakini alimwita kijana wake alete birika la maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya chai. Alizungushia kitambaa kwenye bomba la alumini na kukilowesha kwa maji ya moto, kidogo kidogo, akiiepusha sehemu ya umeme. Alumini ikipata joto hutanuka karibu maradufu ya chuma kwa joto lile lile. Bomba linafunguka kuliko shafti inavyonenepa. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, jicho haliwezi kuiona, ila mafuta yanaipata. Akadondoshea mafuta, akashika ncha ya shafti kwa plaizi na kuiyumbisha namna alivyouyumbisha mkono wa waipa. Hakuna kitu. Maji tena, mafuta tena. Hakuna.

“Iache ilale,” akasema. “Kesho itakuwa na akili.”

Watu husema mafundi wa mitaani wana haraka, na wapo wenye haraka kweli, kwa sababu mteja amesimama kichwani na saa mkononi. Siku ile nilijifunza kwamba kusubiri nako ni kazi, na inapaswa kulipiwa. Mafuta yalihitaji usiku kucha yafuate njia ambayo maji yaliifuata kwa miaka. Kesho yake shafti ilisogea nusu ya upana wa ukucha. Akairudisha, akaisogeza, akairudisha, na kila mara tope jeupe lenye mafuta likatoka mlangoni mwa bomba. Mwisho akaweka kipande cha shaba juu ya nati na kukigonga kwa nyundo ndogo. Sauti ndiyo iliyomwongoza. Mwanzoni ilikuwa kavu na ya juu. Ikashuka, ikawa nzito. Akaifungua nati, na shafti ikatokea upande wa pili ikaanguka kwenye kiganja cha kijana wake.

Kusafisha kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na aliniachia mimi. Msasa laini wa maji kwenye shafti, taratibu, kuondoa unga na kutu bila kuila, kwa sababu shafti ikipungua unene itacheza ndani ya bomba na maji yatapata mlango mpana. Ndani ya bomba, kitambaa kilichoviringwa kwenye kijiti, kikavu, kisha chenye petroli, kisha kikavu tena, hadi kikatoka cheupe. Oringi ya zamani ilipasuka mkononi. Nilisema labda turudishie tu klipu, mzee akakataa kabisa. Bila oringi, alisema, tutakuwa tunafanya kazi ya kuturudisha hapa hapa. Nikaenda kuitafuta dukani, nikiwa na shafti mfukoni kama kipimo.

Naiandika habari hii yote kwa urefu kwa sababu ya uwanja wa shule yetu. Saa ya kutoka, watoto wanamwagika kama hawajawahi kuona nje, na magari ya walimu na ya wazazi yameegeshwa pale pale wanapopita. Gari la mbele ya macho yangu linaanza kurudi nyuma, kioo chake kimejaa tope la wiki nzima, na dereva, mtu mwema ninayemjua, ameangalia saiti mira ya kulia, ya kushoto, na kuachia klachi. Hakuna sheria aliyoivunja. Sijawahi kumwona askari akimwambia mtu awashe waipa ya nyuma. Wanaangalia breki, taa na tairi, na ni sawa waangalie. Lakini waipa ya mbele inamfaa dereva mwenyewe, na kwa sababu hiyo ikiharibika asubuhi inatengenezwa kabla ya jioni. Ya nyuma inamfaa mtu mwingine: mtoto aliyeuona mpira ukibingirika chini ya bampa, mwendesha bodaboda anayekaribia kwenye ukungu wa Uporoto nyuma ya magari yanayoelekea Malawi. Hao hawana swichi ya kuzungusha.

Kioo safi hakimalizi hatari. Mtoto mdogo aliyesimama karibu kabisa na bampa haonekani hata kwenye kioo kinachong’aa, ukingo wa mlango unamficha. Marekani walilikubali hilo kwa uchungu. Mwaka 2008 ilitiwa saini sheria iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na gari la baba yake likirudi nyuma nyumbani kwao, na kutokana na sheria hiyo magari yote mapya ya abiria yanayouzwa kule tangu Mei 2018 lazima yawe na kamera ya nyuma. Nazifurahia kamera hizo, na zimeanza kuonekana kwenye magari yanayoingia kwetu. Ila kamera nayo imewekwa pale pale kwenye pengo la hewa hafifu, inapakwa tope lile lile, na haina mkono wa kuifuta. Mtoto anayekuja akikimbia kutoka mbali kidogo, huyo kioo safi kinamwonyesha, na sekunde zile anazoonekana kabla hajafika bampani ndizo ninazozungumzia.

Tuliirudisha mota na grisi mpya na oringi mpya. Kabla ya kufunga mkono wa waipa, mzee aliniambia niwashe na kuzima, ili shafti ijitafutie mahali pake pa kulala. Ndipo akaulaza mkono chini ya kioo, usawa na mstari wa mwisho wa zile nyaya nyembamba za kupashia kioo joto, na kukaza nati. Angeufunga kabla ya kuwasha, ungeweza kulala katikati ya kioo au kuipiga bati kila unaporudi. Akamwaga maji ya kopo juu ya kioo, nikazungusha swichi, na waipa ikapita mara ya kwanza ikikokota tope, mara ya pili ikiacha michirizi, mara ya tatu nikamwona kwenye kioo cha ndani akiwa amesimama nyuma ya gari na kopo lake, kijana wake pembeni, na nyuma yao mama mmoja akivuka na beseni la mahindi kichwani.

Nikamwambia ndaga, asante, nikatoa hela. Akazipokea, halafu akainama tena kwenye mlango.

“Bado, mwalimu. Zungusha mpaka mwisho, kwenye maji.”

Nikazungusha. Pampu ya maji ikalia huko mbele, na kiooni hakikufika hata tone. Akagusa paa kwa ndani, nyuma ya taa, kitambaa kikawa kimelowa. Bomba jembamba linalopeleka maji ya kuoshea kioo cha nyuma hupita juu ya paa lote, na mahali fulani lilikuwa limechomoka, hivyo kila mara mtu ambapo angewasha, maji yangemwagikia juu ya dari na kushuka hadi kwenye mota tuliyotoka kuitengeneza.

“Usiwashe hayo maji mpaka Jumamosi,” akasema. “Beba chupa ya maji ndani ya gari. Na waipa yenyewe iwashe kila Jumatatu, hata kama hakuna mvua. Lowesha kioo kwanza.”

Nimeiweka chupa kwenye mfuko wa mlango.